Tuliyoyasikia na Tuliyoyaona Miaka ya 70



Kamati ya maandalizi iliponitaka nichangie makala katika kijitabu cha mkutano wetu wa Durban, iliniagiza niandike habari za asili ya ukoo: safari ya wazee wetu kutoka Pangani hadi Tanga, na jinsi watoto na wajukuu wao walivyotawanyika baadaye hadi Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Maskati, Leicester na Toronto. Niliitikia wito huo, nikaandika kurasa mbili. Hapo kalamu ikakwama, kwa sababu ambayo nitaieleza kabla sijamaliza, maana inanihusu mimi mwenyewe.

Kalamu ikiwa imekwama, likazuka katika kundi letu la simu lile bishano ambalo bila shaka hamjalisahau. Mjukuu wetu mmoja wa Toronto aliuliza swali la kitoto: babu na bibi walipokuwa na umri wake, walikuwa wakitazama nini katika televisheni? Shangazi yetu wa Unguja akajibu kwamba walitazama mengi, tena kwa rangi. Binamu zetu wa Mombasa wakadai kwamba wao ndio waliotangulia. Sisi wa Tanga tukakiri kwamba hatukutazama lolote, kwa kuwa televisheni haikuwapo. Ami yetu wa Maskati naye akaingia, na kwa siku tatu simu hazikunyamaza. Mwishowe kijana mmoja wa Leicester akatoa hukumu kwamba wazee wamechanganyikiwa, kwani haiwezekani nchi moja ikawa na televisheni na wakati huo huo isiwe nayo.

Iliwezekana. Na kwa kuwa nilikuwa mtumishi wa Serikali kwa miaka 34, wote ndani ya masjala, naomba niliweke jambo hili katika jalada lake sawasawa.

Wa Mombasa wana haki yao. Kenya ilianza kutangaza kwa televisheni mwaka 1962, kabla hata ya uhuru wake. Wa Unguja nao hawakusema uongo: Televisheni Zanzibar ilianzishwa mwaka 1973, na ilikuwa ya kwanza kurusha picha za rangi katika Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara. Oman ilifuata Novemba 1974, miaka minne baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka. Sisi wa Tanzania Bara tulingoja hadi mwaka 1994, na hata hapo walioanza ni watu binafsi, si Serikali. Jambo linalomtatiza kijana wetu wa Leicester lina maelezo mepesi: utangazaji haukuwa miongoni mwa Mambo ya Muungano. Zanzibar ilikuwa na mamlaka yake katika jambo hilo, na katika miaka ile ilikuwa pia na fedha za karafuu. Basi ikajenga kituo chake, ilhali sisi ng'ambo ya pili ya mkondo tulibaki na redio.

Mimi niliiona mwaka 1975, nikiwa na miaka 17, nilipokwenda kumzuru shangazi kule Ng'ambo. Baada ya sala ya Isha tulikwenda mahali pa hadhara palipokuwa na seti, tukaketi chini pamoja na watu wengine wengi, watoto mbele na wazee nyuma. Kulikuwa na taarab. Mpiga udi niliyekwisha kumsikia mara nyingi redioni alikuwa pale, mbele yangu, amevaa koti, na nyuma yake kulikuwa na pazia jekundu. Nimesahau wimbo. Pazia sijalisahau. Niliporudi Tanga nikamweleza bibi habari za pazia lile, naye akaniuliza kama udi ulisikika vizuri zaidi kwa kuwa pazia ni jekundu. Sikuwa na jibu.

Kwa nini Bara haikutaka? Vijana wetu wa leo hudhani ilikuwa ni woga wa wakubwa. Nilivyoielewa mimi, hoja ya Mwalimu Nyerere na Serikali yake ilikuwa ya mfuko zaidi. Nchi iliyokuwa ikitafuta maji, shule na zahanati kwa ajili ya vijiji haikuwa na haki ya kutumia fedha za kigeni kwa chombo ambacho wangekitazama watu wachache wa mjini. Nilipokuwa kijana sikuipenda hoja hiyo. Leo naiona kuwa ya haki zaidi kuliko nilivyodhani zamani, ingawa bado naona miaka 21 ya kuchelewa nyuma ya ndugu zetu wa visiwani ilikuwa mingi mno.

Sasa naomba niwalete hapa Durban, ambako wengi wenu mtafika kwa mara ya kwanza. Nilistaafu kwa hiari mwaka 2013, nikiwa na miaka 55, nikamfuata mke wangu aliyekwisha tangulia huku kufundisha. Tunaishi Berea, yaani ule mgongo wa kilima ulioinuka nyuma ya mji. Kutoka barazani mwetu tunaziona meli zikingoja nje ya bandari, na asubuhi tumbili hushuka kutoka mitini kuja kuiba ndizi jikoni, kwa hiyo wageni wafunge madirisha. Zamani mtaa huu ulikuwa wa Wazungu kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1950 iliyogawa makazi kwa rangi. Jirani yetu wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu mwenye asili ya Kihindi, asingeruhusiwa kupanga hapa alipokuwa msichana. Familia yake iliondolewa Cato Manor, bonde tunaloliona tukisimama upande wa nyuma wa nyumba, ikapelekwa Chatsworth.

Ni jirani huyu aliyenifumbua macho kuhusu televisheni. Siku moja nilimweleza, kwa haya kidogo, kwamba nilikua bila televisheni. Akacheka, akaniambia kwamba naye vivyo hivyo. Sikuamini. Afrika Kusini, nchi ya migodi ya dhahabu na barabara za lami, haikuwa na televisheni hadi tarehe 5 Januari 1976! Dakta Albert Hertzog, aliyekuwa Waziri wa Posta na Simu tangu 1958 hadi 1968, aliipinga kwa nguvu zake zote, akihofu kwamba picha kutoka nje zingeharibu maadili na kuulegeza utawala wa Wazungu. Binadamu alipokanyaga mwezini Julai 1969 na mamilioni duniani wakamtazama, matajiri wa Berea walisikiliza redio kama bibi yetu wa Tanga. Aibu ile ilichangia kuwabadilisha wakubwa wao mawazo. Na televisheni ilipoanza, ilisema Kiingereza na Kiafrikana tu. Idhaa za lugha za Waafrika zilingoja hadi mwanzoni mwa mwaka 1982.

Basi hapa barazani hukaa watu wawili walionyimwa kitu kimoja katika miaka ile ile: mmoja na serikali iliyosema kwamba kitu hicho ni anasa isiyowafaa maskini, mwingine na serikali iliyohofu kwamba maskini watakiona. Sizilinganishi serikali hizo mbili, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba usiku, mtoto wa Tanga na mtoto wa Chatsworth waliinamia redio kwa namna moja.

Redio ya nyumbani kwetu ilikuwa National, ya zile zilizoundwa Dar es Salaam. Wakubwa mnaijua. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na mwenye mamlaka ya kuiwasha alikuwa bibi peke yake. Umeme ulikuwa haujafika mtaani kwetu, kwa hiyo kila kitu kilitegemea betri, na betri zilipochoka zilianikwa juu ya bati zipate jua, zikaendelea siku mbili tatu zaidi. Saa mbili usiku bibi aliwasha Redio Tanzania Dar es Salaam kwa taarifa ya habari. Baada ya habari yalikuja Mazungumzo Baada ya Habari, ambayo sauti yake tuliyoizoea ilikuwa ya Paul Sozigwa. Sisi watoto tulikuwa na Mama na Mwana, na kwa ajili ya Mama na Mwana tuliosha vyombo bila kuambiwa. Pwagu na Pwaguzi waliruhusiwa kwa sababu bibi mwenyewe aliwapenda, ingawa alidai kwamba anatuachia sisi tujifunze. Muziki wa dansi ulikuja mwisho, kama uliruhusiwa kuja. Wimbo ukifika katikati, sauti ya bibi ilitoka chumbani: "Zima, betri zitaisha."

Hivyo ndivyo nilivyozijua nyimbo nyingi za miaka ya 70, nusu nusu. Mpaka leo, nikizisikia kwa ukamilifu katika simu ya mwanangu, mwisho wake hunishangaza.

Nyimbo zenyewe zilikuwa nyingi kwa sababu maalumu. Novemba 1969 wakuu wa mkoa uliokuwa na Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, na mapema mwaka huo huo ilikuwapo Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Katika miaka iliyofuata redio ya Taifa ilipunguza sana muziki wa kigeni. Kaka yetu mkubwa, Mungu amrehemu, alinuna kwa mwaka mzima. Lakini nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na bendi zetu, na sidhani kama zimewahi kuwa nyingi na nzuri kuliko wakati ule. Dar es Salaam ilikuwa na NUTA Jazz, Western Jazz, Afro 70 ya Patrick Balisidya na Safari Trippers ya Marijani Rajab. Morogoro ilikuwa na Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alipelekwa Osaka, Japani, na Morogoro Jazz katika maonyesho ya kimataifa. Mwaka 1977 Afro 70 ilikwenda Lagos katika tamasha la FESTAC.

Kama mtu wa masjala, kuna jambo moja ambalo wapenzi wa muziki hawalitaji, nami hulipenda sana. Wengi wa wanamuziki wale walikuwa waajiriwa. NUTA ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na Polisi na Jeshi vilikuwa na bendi zao. Vyombo vya muziki vilikuwa mali ya mwajiri. Mpiga gitaa akigombana na uongozi, aliondoka mikono mitupu na gitaa likabaki. Mwimbaji aliyewaliza watu Jumamosi usiku alikuwa na jalada lake la utumishi kama sisi makarani, lenye barua ya kuajiriwa, ruhusa ya ugonjwa na onyo la kuchelewa kazini. Utaratibu huo uliwanyima wanamuziki mengi. Fedha za nyimbo zao ziliwafikia kwa shida, au hazikuwafikia kabisa. Lakini uliwapa mshahara wa mwisho wa mwezi, na katika historia ya muziki wetu hicho si kitu kidogo.

Na sisi wa Tanga? Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na katika taarab ilikuwa na Black Star na Lucky Star, waliotia magitaa ya umeme mahali ambapo Unguja walishikilia udi na fidla. Shakila Said aliyeimba katika vikundi hivyo alifariki Agosti 2016, na nilipopata habari hiyo hapa Berea nilifunga mlango nikakaa peke yangu kwa muda. Binamu zetu wa Mombasa hudai kwamba Simba Wanyika ni bendi yao. Naomba iandikwe kwamba ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapiga kwanza katika Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha mwaka 1970, na baada ya hapo ndipo walipovuka kwenda Mombasa. Kenya iliwapa viwanda vya kutolea sahani za santuri, vitu ambavyo sisi hatukuwa navyo. Shukrani kwa Kenya. Lakini kisima kilichimbwa Tanga.

Kuhusu sinema sitasema mengi, ingawa shangazi alinisihi nisizisahau. Tanga tulikuwa na Majestic na Regal, na tulikwenda kutazama Wahindi, Wachina wa Bruce Lee, na kauboi. Filamu ya Bobby ya mwaka 1973 niliitazama mara nne, na Sholay ya mwaka 1975 sikuhesabu. Hatukujua Kihindi. Mwenye kujua kidogo aliketi katikati akatafsiri kwa sauti, na kama hakujua alitunga, na ndiyo maana baadhi yetu tunaikumbuka Sholay kwa hadithi tatu tofauti. Jirani yangu wa hapa aliitazama Bobby katika ukumbi wa Shah Jehan, Mtaa wa Grey, ambao leo unaitwa Dr Yusuf Dadoo. India ilikuwa imeisusia Afrika Kusini kibiashara tangu mwaka 1946, lakini filamu zake zilifika na kumbi za Wahindi wa Durban zilijaa. Durban ilikuwa na Avalon, na Dar es Salaam ilikuwa na Avalon. Yeye ni Mtamil, na Kihindi hakijui kama nisivyokijua mimi. Jioni nyingine tunaimba pamoja nyimbo za Bobby hapa barazani, kwa maneno ambayo hakuna kati yetu anayejua maana yake, na mke wangu huingia ndani.

Kumbi za kwetu zilianza kuchakaa mapema. Majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa mwaka 1971, na familia nyingi zilizokuwa na biashara ya sinema zikahama. Uagizaji wa filamu ukawa wa shirika la umma, na fedha za kigeni zilipokauka, filamu zile zile zilirudiwa mpaka zikakwaruzika. Ninaposikia vijana wakisema kwamba video iliua sinema, nakubali, lakini video ilimkuta mgonjwa yuko kitandani.

Kuna jambo moja la redio ambalo sikulijua nikiwa kwetu. Katika kliniki ninakopimwa shinikizo la damu nimezoeana na mzee mmoja wa Umlazi. Aliposikia natoka Tanzania, alisimama akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Katika miaka ile ile ambayo sisi tulikuwa tukimwomba bibi dakika tano za muziki, Redio Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa kusini nafasi katika idhaa yake ya nje. Sauti ya ANC, Radio Freedom, ilisafiri usiku kutoka Dar es Salaam hadi huku, na kuisikiliza kulikuwa kosa la jinai. Mzee huyu aliisikiliza chini ya blanketi, sauti ikiwa imepunguzwa kabisa. Miriam Makeba, ambaye Mwalimu alimpa pasipoti ya Tanzania, hakupigwa katika redio ya kwao. Sisi tulimsikia Tanga tunapokaanga samaki. Mzee aliniambia kwamba alilijua jina la Dar es Salaam kabla hajajua liko upande gani wa ramani. Sikumwambia kwamba kwetu, saa hizo, redio ilikuwa imekwisha zimwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, usifunguliwe tena hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Mkubwa na mdogo katika ukoo wetu anajua maana yake: binamu wa Mombasa, ambao kwa basi walikuwa mwendo wa nusu siku tu, wakawa kama wamehamia Ulaya. Sahani za santuri kutoka Nairobi zilikatika. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, na tulimlilia kupitia redio. Ilikuja pia vita ya Kagera, na baada ya vita uhaba wa kila kitu: sabuni, sukari, betri. Dar es Salaam nzima ungeweza kuzunguka usipate kanda tupu ya kaseti.

Nimefika katika lile linalonihusu.

Ami yetu alikwisha kwenda Maskati mwanzoni mwa miaka ya 70, na katika nyumba nyingi za pwani zenye jamaa Arabuni kanda zilikuwa ndizo barua. Mtu alisema, akaimba, akawaacha watoto walie ndani yake, na msafiri akaichukua. Mwaka 1979 ami alituletea redio ya kaseti pamoja na kanda, akaomba jambo moja tu: sauti ya mama yake. Siku ya Idi tulimketisha bibi. Kwanza alikataa, akasema hazungumzi na sanduku. Kisha akaanza, na alipoanza hakusimama. Alizungumza upande mzima, dakika 30. Alitaja wazee wa Pangani mmoja mmoja, baba wa nani na mama wa nani, nani alimwoa nani na kwa sababu gani, nani aliuza shamba la minazi, nani alikwenda baharini asirudi. Mlikuwapo baadhi yenu. Hakuna aliyeandika, kwa kuwa kanda ilikuwa inaandika.

Nilikabidhiwa mimi kanda ile niichukue Dar es Salaam, nilikokuwa nimeanza kazi, niitume Maskati. Niliiweka katika mtoto wa meza nikingoja msafiri. Jumamosi moja, mwanzoni mwa mwaka 1980, redio ilikuwa ikipiga Mlimani Park, bendi iliyokuwa na miaka miwili tu na ambayo mji mzima ulikuwa ukiizungumza. Sikuwa na kanda nyingine. Nikaweka ile ya bibi, nikarekodi upande wa pili uliokuwa mtupu. Upande ule ulipokwisha, muziki ulikuwa bado unaendelea. Nikaugeuza.

Sikukosea upande. Nilijua ninachokifanya. Nilijiambia kwamba bibi yu hai, atasema tena nikienda likizo. Kisha nikamwandikia ami kwamba kanda nimekwisha kuituma kwa posta. Bibi alifariki mwaka 1981 kabla sijapata ujasiri wa kumwomba aseme tena. Kwa zaidi ya miaka 40 ukoo mzima umeamini kwamba kanda ile ilipotea njiani, na nimewasikia wengi wenu mkiilaumu posta mbele yangu, nami nikatikisa kichwa pamoja nanyi. Posta haikuiona kanda ile. Namwomba radhi ami, ambaye hakuisikia tena sauti ya mama yake, na nawaombeni radhi nyote. Kurasa mbili nilizoziandika juu ya asili yetu ni mbili kwa sababu hiyo. Zilizobaki nilizifuta mimi.

Kanda ninayo hapa Berea. Nyimbo zilizomo leo mtu yeyote anaweza kuzisikia katika simu wakati wowote, safi kuliko nilivyozinasa. Lakini usiku ule taarifa ya habari ilipoingia nilizima kabla kanda haijafika mwisho, na mwishoni mwa upande wa kwanza zimebaki sekunde zipatazo 40. Gitaa linakatika, halafu ni bibi. Anasema, "... ndipo wakahama wakaenda Mkwaja, na huko ndiko alikozikwa. Basi. Zima, betri zitaisha."

Mkwaja, kusini mwa Pangani, haimo katika habari yoyote ya ukoo wetu niliyowahi kuisikia. Nani alihama, na nani alizikwa huko, sijui. Shangazi wa Unguja ndiye mkubwa aliyebaki miongoni mwa waliokuwapo siku ile ya Idi, na nitamwomba akae karibu na redio tutakapoisikiliza siku ya pili ya mkutano, baada ya chakula cha mchana. Vilevile, yeyote mwenye kanda za zamani, hasa ninyi wa Maskati ambao ndio mliokuwa mkipokea, naomba mzilete. Msizijaribu kwanza katika mashine mbovu, kwani kanda iliyoota ukungu hukatika. Mwanangu ana chombo cha kuzihamishia kwenye kompyuta, na atazirudisha kwa wenyewe siku hiyo hiyo.

Redio kaseti nimeipata kwa muuza vitu vya kale hapa mjini. Inafanya kazi kwa umeme, lakini kwa kuwa umeme wa huku nao una siku zake, nimenunua betri sita.